Kinachopita Kooni

Safari ya korongoni ilikuwa kesho, na kitanda kilikuwa hakionekani kwa vitu. Kulikuwa na viatu vya kila namna, soksi za sufu, chupa za maji, taa za kuvaa kichwani, filimbi, bandeji, mfuko mzito wa plastiki ambao mdomo wake hukunjwa ili maji yasiingie, na katikati ya yote hayo, limejitanua kama mwenye nyumba, koti zito la marehemu. Mjane wake alisimama mlangoni ameshika kiuno. Kazi yake ilikuwa kufungasha vyombo vya kioo kiwandani, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Mpe glasi na boksi, atakuonyesha. Lakini mbele ya kitanda kile alijiona mwanagenzi asiyejua aanzie wapi.

Korongo lenyewe si la kutisha. Ni ufa mrefu ndani ya mwamba, kuta zimesimama pande zote mbili zikipita urefu wa nyumba, na chini kuna mchanga na maji ya kufika magotini. Hakuna kupanda kwa kamba wala kuruka, na hata mtu ambaye safari yake ndefu ni ya sokoni na kurudi huweza kutembea humo. Marehemu alikuwa mwongozaji wa wageni huko, na aliwapenda zaidi wale wanaoanza: makarani, wastaafu, walimu walio likizoni, watu wenye visigino laini. Aliwafikisha hadi chumba cha ndani, pale kuta zinapoachana kidogo na jua likapata njia ya kushuka, kisha akawaomba wanyamaze. Walirudi wamelowa, na kwa siku nzima walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini. Aliwapeleka marafiki, majirani, fundi bomba, hata yule mwenye nyumba aliyekuwa akimsumbua. Mjane mwenyewe alipelekwa kabla hawajaoana. Mtu mmoja tu ndiye hakupelekwa, naye ni mama mzazi wa marehemu.

Na huyo mama ndiye aliyetaka kwenda sasa.

Alikuwa mpishi wa bweni la shule mpaka alipostaafu, mwanamke mpana, mwenye kifua cha kubeba watoto wawili kwa wakati mmoja, na mwili wake hakuuonea haya hata kidogo. Akiingia jikoni, husema, "Sogeeni, shehena inapita," na aliyeko humo atacheka atake asitake. Baada ya mazishi alikuja kukaa na mkwewe siku chache, na siku chache zikaota mizizi. Walipatana. Wawili waliofiwa na mtu mmoja wana mengi ambayo hawana haja ya kuelezana. Lakini alikuwa na kinyongo, na hakukificha: mwanawe aliipeleka dunia nzima kule ndani akamwacha yeye. Kila alipoomba, jibu lilikuwa lile lile, msimu ujao, Mama. Misimu ilikuja ikapita, na mwishowe aliyepita ni mwana mwenyewe, kwa ugonjwa ambao haukumpa mtu nafasi hata ya kufunga safari. Basi mama alisema anataka kukiona hicho chumba kwa macho yake, hata mara moja, akajue ni nini ambacho wageni walistahili na yeye hakustahili. Mjane hakuwa na moyo wa kumkatalia.

Mchana ule alikuja mwongozaji aliyefanya kazi na marehemu, kijana mrefu mwembamba ambaye watu wote walimwita Mwiko, akaleta kofia ngumu na maagizo. Suruali za jinzi ziachwe, maana zikilowa hazikauki na humo ndani jua ni haba. Viatu viwe vya kufunika vidole, vikuukuu, vyenye soli inayoshika. Sweta iwe nyepesi. Nguo kavu na simu ziingie kwenye mfuko wa plastiki. Chakula kiwe kidogo, maji yawe ya kutosha, na begi liwe dogo tena lisijae, kwa sababu begi la korongoni lazima liweze kunywea. Habari ya mvua wamwachie yeye. Atapiga simu alfajiri kwa watu wa milimani, kwani mvua ya korongo hunyesha mahali usipopaona, na akisikia wingu moja tu kule juu, safari haipo. Yote hayo aliyasema vizuri, akicheka na mama. Ila alipokuwa akiondoka, mjane alipomsindikiza hadi getini, alishusha sauti.

"Shemeji, mpitishe kwanza Kooni," alisema, na macho yake yalikuwa chini kwenye viatu vyake.

Koo ni mahali. Ukiwa njiani kuelekea chumba cha ndani, kuta hukaribiana mpaka mtu hana budi kugeuka ubavu, begi mkononi, pua ikikaribia kugusa jiwe. Ni hatua chache tu, lakini hakuna njia nyingine. Marehemu alichoka kufika pale na mtu wa begi kubwa na kumrudisha na masikitiko yake. Siku moja akakata kijiti sawasawa na upana wa pale palipobana zaidi, akaja nacho nyumbani, akalisogeza kabati la nguo la ukumbini mpaka nafasi kati yake na ukuta ikalingana na kijiti. Pale mguu wa kabati ulipokaa, alipaka mstari mwekundu sakafuni kwa rangi ya kucha ya mkewe, naye mkewe alinuna kwa wiki nzima kwa ajili ya kichupa kile. Tangu hapo kila mgeni alifika nyumbani siku moja kabla ya safari na begi lake, akapitishwa kwenye Koo la ukumbini. Aliyekwama na begi alipunguza vitu. Aliyekwama bila begi, marehemu alimpigapiga begani akamwambia, wewe nitakupeleka njia ya juu ya mwamba, kule ndiko kwenye mandhari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujua kwamba amekataliwa. Alipofariki, kabati lilibaki palepale kwenye mstari, na mjane aliendelea kupita ubavu kila anapofuata ufagio unaokaa nyuma yake.

Walianza na begi. Mjane alifungasha kama anavyofungasha kiwandani: soksi ndani ya kofia ngumu, bandeji ndani ya soksi, kila pengo likazibwa, mpaka begi likawa gumu kiasi cha kuweza kulikalia. Alilipeleka Kooni likakwama kama kabari. Hapo ndipo alipokumbuka neno la Mwiko kuhusu kunywea. Kazini kwake pengo ni adui, glasi huvunjika penye pengo. Huku pengo ndilo lililotakiwa. Akalimwaga lote kitandani, akaanza upya huku mkono wake ukimkatalia, maana kila alipoacha nafasi alihisi anaharibu kazi.

Mama naye hakumrahisishia. Mtu aliyezoea kupikia bweni zima hajui chakula kidogo ni kipi. Alikuwa amechemsha mayai ya kulisha timu ya mpira pamoja na washangiliaji wake, na mikate alikuwa ameifunga kwenye kitambaa, akasema hiyo ni ya kuanzia. Mayai yalipunguzwa. Mikate ilipunguzwa. Chupa ya chai ilitolewa, ikarudishwa, ikatolewa tena. Lililowashinda ni koti. Mjane alilitoa, na alipogeuka kuchukua taa, alilikuta limo ndani, limekunjwa vizuri na zipu imefungwa.

"Mama, hili haliwezekani. Likilowa hili, tutalibeba wawili."

"Alikuwa akirudi anatetemeka," mama alisema. "Mimi ndiye niliyemnunulia. Kule ndani kuna baridi."

Ilikuwa kweli, kuna baridi, lakini sweta ilikuwa inatosha, na wote wawili walijua kwamba habari haikuwa baridi. Mwishowe mama alilitoa mwenyewe. Begi bila koti lilipita Kooni likining'inia mkononi mwa mjane, likagusa kabati, likanywea kidogo, likatokea upande wa pili. Alishusha pumzi. Mama akalivaa koti, akasema basi yeye ndiye atakayelibeba kwa kulivaa, na sasa ilikuwa zamu yake.

Aligeuka ubavu kama alivyomwona mkwewe akifanya. Bega likaingia, kisha akasimama. Akarudi, akavua koti, akajaribu tena. Akarudi, akavua sweta, akatoa pumzi yote kifuani, akajaribu tena taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Bega lilipita, kifua kikakataa. Mjane alikuwa upande wa pili amemnyooshea mkono, na mama aliushika, lakini hakuvutwa, kwa sababu hakukuwa na maana ya kuvuta.

"Shehena imekwama," mama alisema, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi. Akajirudisha nyuma, akachukua sweta yake, akasema anakwenda kutazama jikoni kama amezima jiko, ingawa alilizima mbele ya mjane.

Mjane alitoka Kooni, akabaki ukumbini na kabati. Alilitazama, akautazama mstari mwekundu, akasikia sufuria ikisogezwa jikoni bila sababu. Alijua kabisa jambo alilolijua mumewe: kabati ni mbao, jiwe ni jiwe, na anayekwama Kooni hakwami peke yake, maana aliye nyuma yake naye hana pa kupita, na maji yakija hayaombi ruhusa. Yote hayo aliyajua. Akaweka bega lake kwenye kabati, akasukuma. Lilisogea upana wa vidole viwili hivi. Akachukua koti la marehemu akalitupa sakafuni, likaufunika mstari.

Mama aliporudi, mjane alimwambia ajaribu mara ya mwisho, atulie, asiharakishe. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ya kawaida. Mama alimtazama, akalitazama koti sakafuni, akageuka ubavu, akaingia. Bega. Kifua. Alikwaruzwa kidogo, akafumba macho, akaendelea, akatokea upande wa pili kwenye ufagio na ndoo. Akasimama pale amefumba macho vilevile kwa muda. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo mjane hakuwa ameiona tangu msiba.

Angeweza kunyamaza. Mwiko angeyamaliza kesho huko huko, jiwe lingesema lenyewe, naye angebaki mkwe mwema. Lakini alimwona kwa mawazo mama amebanwa mahali ambapo hakuna wa kusukuma ukuta, akiwa na furaha hiyo hiyo usoni inayoanza kuondoka, na moyo ulimwuma.

"Mama, nimelisogeza kabati. Hupiti. Nisamehe."

Mama alifumbua macho. "Nimelisikia," alisema. "Kabati lile halijui kunyamaza. Nilitaka tu kujua kupita kukoje."

Ni kweli lilikuwa na mguu mmoja mbovu uliolia kwenye saruji kama mlango usiotiwa mafuta. Mjane alikuwa amesukuma kwa woga kiasi kwamba hakuusikia. Sasa, baada ya kuambiwa, aliusikia masikioni mwake, na pamoja nao akasikia milio mingine ya zamani. Mumewe, asubuhi. Kila asubuhi ambayo mama yake alikuwa anakuja kuwatembelea, alisikia mlio ule ukumbini. Mumewe alikuwa akilisukuma kabati mpaka linabana na ukuta, na mama akishaondoka alilirudisha kwenye mstari. Yeye alidhani ni usafi, mwanamume anatengeneza nyumba mama yake asije akasema. Hata aliwahi kumtania kwa hilo, akamwambia mbona mimi hunisogezei kitu, naye akacheka tu.

Akamweleza mama, hapo hapo, mama akiwa upande wa ufagio na yeye upande wa koti. Kila ulipokuja, Mama, alilifunga Koo usilione. Akamweleza pia habari ya kijiti, na habari ya wale waliopelekwa njia ya juu wakidhani wamependelewa.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilifikiri ananionea haya," alisema. "Mpishi, mikono ina makovu ya mafuta, atanipeleka vipi mbele ya wageni wake. Miaka yote hiyo nilifikiri hivyo. Unajua nilimjibuje mara ya mwisho aliponipigia simu? Alisema msimu ujao, Mama. Nikamwambia, wapeleke wageni wako. Nikakata."

Machozi yalimtoka bila sauti. Mjane alipita Kooni, akachuchumaa mbele yake, akaishika mikono ile yenye makovu. Akalia naye. Mmoja alimzaa mtu huyo na mmoja aliolewa naye, na hakuna kati yao aliyekuwa amejua kwamba alitembea na mzigo huo, akikubali mama yake amkasirikie mwaka hadi mwaka ili asije akamwambia kwamba hatoshi.

Walipomaliza kulia walilirudisha kabati. Mama alishika upande mmoja na mjane upande mwingine, mguu ukalia, na mama akainama kuhakikisha umekaa juu ya mstari, wala si karibu na mstari. Kisha wakarudi chumbani kwenye kitanda, na kazi iliyowashinda mchana kutwa ikaenda haraka. Walijua sasa nani anakwenda wapi. Begi ni la mjane: maji, sweta, taa, bandeji, mikate miwili, nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Mama angefika hadi mbele ya Koo, ambapo korongo ni pana na kavu, asubiri hapo akiwa na filimbi shingoni. Koti halikuhitaji tena kupita popote, kwa hiyo lilikwenda, na mayai yote yalikwenda nalo.

Mwiko alipiga simu alfajiri akasema milimani ni kweupe. Walitembea polepole, mama akiwa katikati, maji yakiwafika magotini na baadaye yakiwaacha. Alivaa viatu vya zamani vya mwanawe vilivyojazwa soksi, na hakulalamika hata mara moja. Kila kuta zilipokaribiana alizigusa kwa viganja, upande huu na upande huu. Walipofika mbele ya Koo, alilitazama kwa makini, kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuinunua.

"Ni kabati letu kabisa," alisema.

Wakamkalisha juu ya jiwe bapa, koti mabegani, mayai pembeni. Alitaka wote wawili waende, akasema hahitaji mlinzi, mbingu anaiona hapo juu, na wingu likitokea atapuliza mpaka wamchukie. Mwiko alitangulia. Mjane alifuata, begi mkononi, shavu karibu na jiwe. Alijua lini litagusa kifua na lini litamwachia, kwa sababu alikuwa amelipita kila siku akifuata ufagio. Mkono wa mumewe haukuwa umekosea hata unywele.

Chumba cha ndani kilikuwa kama alivyokiacha miaka ile alipoletwa kama mchumba. Mwanga ulishuka kutoka juu ukaupaka ukuta rangi ya mkate uliotoka jikoni, na mchanga ulikuwa mkavu. Mwiko hakumwambia anyamaze. Alivua kofia yake tu, akasimama kando.

Ndipo waliposikia sauti ya mama ikija kwa njia ya Koo. Hakuwa akiwaita. Aliongea chini, kama anavyoongea mtu na mwanawe akiwa amekaa jikoni anamenya kitu, lakini jiwe liliibeba sauti yote.

"Ungeniambia tu, mwanangu," alisema. "Ningecheka."

Mjane alilikumbatia begi, nalo likanywea mikononi mwake. Halafu mama akacheka kweli, kile kicheko chake cha shehena inapita, kikubwa, na chote kikapita.